Njia Iliyochaguliwa kwa Ajili ya Dada

Kabla hatujafungua Maandiko, wapendwa, nina habari ya dada mmoja, fundi cherehani. Jina lake siwapi. Nikiwapa mtaanza kuulizana ni wa ukoo gani, na mahubiri yatageuka umbea.

Dada huyu mguu wake mmoja ulikuwa mfupi tangu utotoni, akichechemea. Lakini alikuwa mtembeaji! Sokoni kwa miguu, kanisani kwa miguu, kupeleka nguo za wateja mtaa wa tatu, kwa miguu. Ila mnajua tulivyo. Mtu akichechemea, hata akifika wa kwanza tutampa pole.

Sasa akina mama wa kanisa lake walikuwa wanatafuta mtu wa kuwatembelea wajane wa vijiji vya milimani, kule gari lisikofika. Dada akasema, "Nitumeni mimi." Kazi ile aliililia kwa machozi. Mama yake mwenyewe alifia katika kijiji cha namna hiyo, mjane, na hakuna mtu wa kanisa aliyepanda kumwona. Mama mwenyekiti akamtazama, na alichotazama si uso, ni mguu. Akamwambia, "Mwanangu, moyo unao. Lakini ile ni milima. Hebu tuone kwanza."

Tuone kwanza! Mmewahi kuambiwa hivyo, ninyi? Basi mnajua inavyouma.

Ikatokea kaka yake mkubwa, mtu wa ofisini, mwenye gari na kitambi chake cha heshima, ameamua kwamba likizo ya mwaka ule hawaendi ufukweni. Wataenda Usambara, watembee milimani kwa miguu, walale kijiji hadi kijiji. Viatu alishanunua na picha ya viatu alishairusha kwa marafiki. Akamwita mdogo wake, wakakaa sebuleni, yeye, mkewe na dada, kuchagua njia.

Njia zilikuwa kwenye simu yake, na picha zake. Moja ilipita ndani ya msitu, panda shuka, panda shuka, ikaenda kutokea kwenye ukingo wa mlima ambapo ukisimama unaiona nyika yote chini. Nyingine ilifuata mgongo wa mlima, upepo mtupu. Na ile ya mwisho ilipita mashambani, kwenye kabichi na mipeasi, pana, karibu yote tambarare, na nyumba ya wageni kila mnapotaka kuchoka.

Dada akasema, "Kaka, naomba tuchukue hii ya msituni. Nikiimaliza hii, akina mama hawatakuwa na neno tena."

"Hapana, mdogo wangu," kaka akasema kwa upole. "Sisi wengine tungeiweza bila shida. Lakini nakufikiria wewe. Tuchukue ya mashambani."

"Mbona mimi sijasema imenishinda?"

"Huna haja ya kusema, wifi," mke wa kaka akadakia. "Ndiyo maana una kaka."

Jamani, mtu akikuhurumia mbele ya watu unamjibu nini? Ukikataa, huna shukrani. Ukikubali, umekiri udhaifu ambao hukuwa nao. Dada akanyamaza, na kunyamaza kwake wakakuhesabu kuwa ndiyo.

Wakaenda. Asubuhi ya kwanza kijana wa kuwaongoza akauliza, "Ni nani kati yenu tutamwendea polepole?" Kaka akamwonyesha dada kwa kidevu. Sawa. Wakaianza njia, ile pana, ile ya kabichi. Hawajamaliza hata shamba la tatu, pumzi za kaka zikaanza kusikika. Msicheke. Dada alikuwa mbele na fimbo yake, anafika kwenye kona, anasimama, anawasubiri. Kaka akifika anasema, "Tusimame kidogo, dada apumzike." Na dada hajakaa!

Siku ya pili kikabaki kilima kimoja tu, na nyuma ya kilima ndiko kulikokuwa na kijiji cha mwisho. Hapo kaka akakaa chini. Uso umepauka, jasho linamtiririka, begi amelitupa kule. Dada akampepea kwa kanga, akamnywesha maji, akaogopa kwelikweli, maana kaka ni kaka. Alipoona ametulia akamwambia, "Kaka, wewe pumzika hapa na wifi. Mimi nipande na huyu kijana, ni hapo tu, turudi tuwachukue."

"Utaniacha hapa nife?"

Basi wakageuka. Kaka akashikwa mkono na mkewe, na begi lake akalibeba dada, juu ya begi lake mwenyewe, hadi chini. Iliuma. Alitembea huku machozi yanamlengalenga. Lakini akajipa moyo kwa neno moja. Akajiambia, si kitu, kaka ameona kwa macho yake. Mama mwenyekiti akimwuliza, atasema.

Jumapili ikafika. Wakati wa ushuhuda kaka akainuka, suti imemkaa vizuri, akashika kipaza sauti.

"Bwana asifiwe! Wapendwa, tulibakiza kilima kimoja. Kimoja! Lakini nikamtazama mdogo wangu na mguu wake ule, nikasema moyoni, kufika kule bila dada yangu kutanifaa nini? Nikawaambia wenzangu, tugeuke."

Kanisa likalipuka. Makofi, vigelegele, mama mmoja akatoa leso akafuta macho. Mchungaji akasema huo ndio upendo, na watu wakaitikia Amina.

Na dada yuko palepale, benchi la tatu.

Ibada ilipokwisha mama mwenyekiti akamfuata nje, akamkumbatia. "Mwanangu, tumemsikia kaka yako. Hatutaki kukutesa. Ile kazi ya wajane tumempa mwenzako. Wewe utatushonea sare za safari."

Dada akageuka. Kaka alikuwa hatua mbili kutoka pale, watu wanampa mkono. Akamwambia, "Kaka, mwambie mama nani alibeba begi."

Kaka akacheka. Akamwekea mkono begani mbele ya wote. "Mnamwona? Huyu hakubali kushindwa. Ndiyo maana tunampenda."

Watu wakacheka, kicheko kizuri cha mapenzi. Na dada akarudi nyumbani akashona zile sare.

Najua mnachosubiri. Mnasubiri niseme yule kaka aliugua, au aliota ndoto, au alirudi analia kuomba msamaha. Hapana. Alichaguliwa mzee wa kanisa. Na yule aliyetumwa kwa wajane alipanda mara moja, akasema milima ni mikali, hakurudi. Wajane wako kule mpaka leo, na aliyekuwa na miguu ya kuwafikia amekalia cherehani.

Haya, tumlaani kaka? Ni rahisi sana kumlaani. Lakini hebu tujitazame. Sisi tukiogopa jambo, huwa tunatafuta mnyonge wa kuliogopa kwa niaba yetu. Hatukuhamia kijijini kutumika, tunasema ni kwa ajili ya watoto. Mkesha tumeufupisha, tunasema ni kwa ajili ya wazee. Na wazee wenyewe wanakesha kila usiku kwa maumivu, hakuna aliyewauliza! Uvivu wetu tumeuvika kanzu ya huruma, halafu tunasimama madhabahuni tukausimulia.

Bado sijafika ninapokwenda. Kaka alikuwa mmoja. Waliopiga makofi walikuwa kanisa zima. Dada alikuwa benchi la tatu, si mbali, si mgonjwa kitandani, si marehemu. Shingo kuigeuza tu. Ni nani aligeuka akamwambia, "Dada, hebu na wewe tuambie, ilikuwaje huko?" Hata mmoja? Maana habari ilikuwa tamu, na ukimwuliza mnyonge unaweza kuiharibu.

Wapendwa, wale ni sisi. Na humu ndani leo ameketi mtu ambaye tumeshamsemea, tumeshamhurumia, tumeshamnyang'anya, na tumeshampigia makofi aliyemnyang'anya. Yeye anajua. Ananisikiliza sasa hivi na hatainua kichwa.

Ni desturi yetu kwamba nikifika hapa nasema tunyooshe mikono tuombe. Haya, inyoosheni. Lakini itazameni kwanza, maana ndiyo hii hii iliyopiga makofi.