Mwani Ulioitwa Mgeni

Mwanamke mmoja, Bi Mize, alikuwa na shamba la mwani baharini: vigingi, kamba, na kila mche ameufunga kwa uzi kwa mkono wake. Shamba hilo ndilo lililomlisha tangu awe mjane.

Siku moja ya bamvua, maji yalipokupwa mbali kabisa, alikuta kwenye kamba zake mwani asioupanda. Wa kijani, laini, unang'aa kama umepakwa mafuta. Wenzake wakaja kuutazama. Hakuna aliyeujua. Wakauita mgeni, na hapo ndipo walipokosea, maana kwao mgeni hafukuzwi. Akishaitwa hivyo, keshapewa kiti. Karibu, ahlan wa sahlan, welkam; hata akikukanyaga, wewe ndiye unayeomba radhi.

Mgeni akastawi. Mwani wa Bi Mize ukapauka chini yake, ukakatika, ukaelea. Wenzake wakamwambia avute subira, mgeni huja na baraka zake. Wengine wakanong'ona kuwa ni uvivu wake tu, hatikisi kamba zake kuondoa uchafu. Naye akaamini. Akawa anafunga miche mipya pembeni, penye nafasi iliyobaki, kama mtoto wa nyumbani anayelala sakafuni ili mgeni apate kitanda.

Wifi yake, Zuwena, alikuja kumsaidia kuvuna, akakuta hakuna cha kuvunwa. Hakumpa pole. Aliinama, akaushika ule wa kijani, akavuta. Haukutoka. Ulikuwa umetambaa kamba nzima, umeing'ang'ania kwa vijizizi.

"Wifi, mwani wako unaufunga wewe. Huu umejifunga wenyewe. Tangu lini mgeni akaota mizizi?"

Bi Mize alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Akaanza kung'oa na kutupa majini. Zuwena akamshika mkono: kila kipande kingetua kwenye kamba ya jirani na kuanza upya. Basi wakaubeba kapu kwa kapu hadi nchi kavu, wakauanika kwenye mchanga wa moto mpaka ukafa. Mwani wake mwingi uling'oka pamoja nao. Msimu ule alikula kwa taabu. Lakini kamba zilikuwa zake tena, na miche iliyosalia akaifunga upya, mmoja mmoja.

Nanyi mnaosema kila siku kwamba nafasi hakuna: hicho kilichojaa kwenye kamba zenu, mlikipa jina gani hata mkono ukaona haya kuking'oa?