Vitumbua vya Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na shule yao, Pimbi naye alisoma huko. Alikuwa mdogo kama kiatu. Mama yake alimpa kikaango chake cha pekee, naye akakaanga vitumbua vya kuuza wakati wa mapumziko, apate kununua madaftari.

Vitumbua viliiva vizuri, lakini vilidoda.

Siku moja akamfuata Kobe wa darasa la juu. "Dada Kobe, mbona hununui? Niambie kweli, sitanuna."

"Ni vitamu, mdogo wangu. Ila mimi mpaka nifike kwako, kengele hiyo, ngriii! Halafu mafuta mikononi, nitaandikaje?"

Kesho yake Pimbi akavitunga vitumbua kwenye vijiti, akavipitisha mwenyewe darasa kwa darasa. Lo! Viliisha hata jasho halijamkauka.

Kiboko na Nyati, waliouza vitumbua vyao getini, wakaingiwa na wivu. Wakamjia, du! du! du!

"We Pimbi!" Nyati akafoka. "Umetia dawa gani? Sema, au nakipondaponda hicho kikaango!"

Pimbi akakikumbatia. Kikaango cha mama!

"Msikivunje, kaka zangu! Siri ni maji ya kukorogea unga. Yanachotwa juu ya jabali lile, kengele ya mapumziko ikilia. Tena mchote wenyewe!"

Kesho yake, kengele ilipolia tu, wakubwa hao mbio jabalini na ndoo zao. Kiboko akateleza, poromoko! Akamkumba Nyati, wakabingirika wote hadi topeni, pwaa! Waliporudi, Pimbi alikuwa ameshauza vyote, hata pale getini.

"Umetudanganya!" Kiboko akalia, matope hadi masikioni.

"Kuhusu maji, ndiyo, nisameheni. Mlitaka kunivunjia kikaango. Siri ya kweli ni kwamba niliuliza."

Nyati akainamisha pembe. "Basi na sisi tukuulize?"

"Mniulize mimi? Waulizeni wanunuzi!"

Kisha Pimbi akachukua kijiti kimoja cha vitumbua alichokuwa amekificha, akampelekea Kobe.

"Pokea, dada. Hiki si cha kuuza. Wengine walinipita kimya, wewe ukanifumbua macho. Ahsante sana."

"Mimi? Mbona nililalamika tu!"

"Lalamiko hilo ndilo nililolikosa siku zote," akasema Pimbi, machozi yakimlenga.

Wanangu, anayekwambia kasoro ya biashara yako, mshukuru: amekupa mtaji.