Mwanashaha na Chokaa ya Bustani

Alitawala Sultani Mwidani bin Shahame katika mji wa Tamarani, mji wa mawe na milango ya nakshi, na uzuri wake ulikuwa wa kutazamwa kwa mbali, kwa maana ndani yake kila mtu alijijengea ukuta, na nyuma ya ukuta akachimba kisima, na kando ya kisima akapanda mgomba, kisha akatia kufuli na kulalia ufunguo. Visima vile vikanyang'anyana maji chini kwa chini mpaka vyote vikageuka chumvi, na migomba ikanyauka, na watu wakabaki na makufuli yao mazuri.

Humo aliishi mwanamke mwashi, Mwanashaha binti Mbarawa, aliyerithi mwiko na tanuru la chokaa kwa marehemu baba yake. Siku moja alikwenda barazani kwa Sultani, akainama, akasema, "Maulana, nipe kile kiwanja kikavu cha katikati ya mji. Nitajenga nyumba zizunguke bustani moja, na mapaa yainamie ndani ili mvua yote ishuke katika birika moja, na maji ya udhu na ya kuogea yapite mferejini yakanyweshe migomba na mchicha, na pawe na jiko moja, na baraza moja ya kukaa kila mtu."

Sultani akacheka mpaka kilemba kikamwendea upande. "Kichukue, binti. Hakuna anayekitaka."

Na kweli hakuna aliyekitaka, kwani kiwanja kile kilikuwa na mwenyewe, naye hakuwa binadamu.

Desturi ya waashi wa Tamarani ni kufukiza ubani na kupiga hodi juu ya ardhi tupu kabla ya kuchimba msingi, na wasipojibiwa huanza kazi. Mwanashaha alipiga hodi jua likiwa utosini, saa ambayo vivuli hujificha chini ya nyayo, na sauti kavu ikamjibu kutoka ardhini, "Karibu." Mwashi mwenye akili angekimbia. Lakini huyu alilelewa kwa adabu, na mdomo ukatangulia akili, akaitika, "Starehe, nimeshakaribia."

"Basi umekuwa mgeni wangu," ikasema sauti, "na mgeni wangu nitamjengea. Lakini sikia sharti. Mimi nimekukaribisha kwangu, basi asifukuzwe mtu hapa. Siku atakapofukuzwa, nitakugeuza ukuta, na hutafunguka ila yule aliyefunga mlango aseme karibu kwa kinywa chake, na chokaa itakayokutoka wewe itampanda yeye."

Nywele zilimsimama Mwanashaha, na laiti angekuwa peke yake duniani angekataa. Lakini aliwakumbuka watoto wa jirani wakilamba midomo iliyopasuka kwa chumvi, akasema, "Nimekubali."

Tangu siku hiyo, kila adhuhuri, watu wakiwa wamejilaza majumbani, miko ilisikika ikikwangua mawe na waashi hawaonekani, na kuta zikapanda, na aliyezigusa alizikuta zina joto kama paji la mtoto mwenye homa. Mvua ikanyesha, birika likajaa, kunde zikatambaa juu ya baraza, na watu wakahamia humo wakala pamoja, na kila sinia likazungukwa na mikono mingi kuliko nyuso. Wote waliiona mikono ile ya ziada, na wote wakatazama wali wao, kwani njaa ilikuwa imewafundisha kutouliza.

Kisha ukaja ukame mkubwa, na hofu ikamwingia Sultani. Akahamia katika ile bustani pamoja na watu wa jumba lake, akawatoa wenyeji wote isipokuwa Mwanashaha, aliyemtaka atunze birika, akatia kufuli. Mwanawe wa pekee, Mselemu, kijana wa kuoa, akasema, "Baba, nami nitakaa na waliotolewa," akatoka na kuketi vumbini pamoja nao.

Kufuli lilipolia, vidole vya miguu vya Mwanashaha, aliyekuwa ameegemea ukuta, vikawa vyeupe. Alijaribu kuondoka ukutani, mguu ukakataa, na chokaa ikampanda magoti, ikampanda kiuno. Watu wa jumba walipoona hayo walikimbia wote, na Sultani akafunga mlango nyuma yao, akapakua wali, akakaa kula peke yake.

Mara mikono ikatokea kuzunguka sinia, mikono mitupu isiyo na wenyewe, myeupe kwa chokaa, ikatulia juu ya wali bila kugusa hata punje.

"Inangoja nini?" akauliza Sultani.

"Inangoja karibu yako, Maulana," akasema Mwanashaha, chokaa imemfika kifuani.

"Na nikiitamka?"

Angeweza kumdanganya. Akasema, "Mlango utafunguka, mimi nitatoka, na chokaa itakupanda wewe."

Sultani akajifunika joho lake. "Basi wewe ndiye utakayekufa, binti."

"Nami nataka kuishi, Maulana!" akalia Mwanashaha. "Wallahi nataka kuishi!" Sultani hakugeuka, na chokaa ikamfika shingoni, naye hakuweza kulia tena.

Ndipo sauti nyembamba, iliyokaushwa na kiu, ikaja kutoka nje. "Hodi! Baba, hodi!"

"Mselemu, nenda kwa shangazi yako, kuna chakula!"

"Siendi, baba. Wa kwangu ni hawa." Kikapita kitambo, ikaja hodi nyingine, ndogo zaidi.

Sultani akangoja hodi ya tatu, nayo haikuja. Akamtazama yule mwanamke ukutani, akautazama mlango, na machozi yakamshuka mtu ambaye hakuna aliyewahi kuyaona machozi yake. Akaketi barazani, akatengeneza kilemba chake, akasema, "Karibu, mwanangu. Karibuni nyote."

Kufuli likaanguka. Watu wakaingia wamembeba Mselemu, wakamnywesha maji, akafumbua macho. Na Mwanashaha akadondoka kutoka ukutani, mzima, akikohoa vumbi jeupe. Barazani palikuwa pameketi sanamu ya chokaa yenye kilemba kilichonyooka.

Mselemu akatawala baada ya baba yake, na matanga yalipoondolewa akamposa Mwanashaha, akamwoa kwa dhahabu na hariri, nao wakajenga bustani za namna ile katika kila mtaa, na hakuna iliyotiwa kufuli. Na kila adhuhuri, kabla hajala, Sultani Mselemu hufinyanga tonge la kwanza, akaliweka kwenye midomo ile myeupe, akasema, "Karibu, baba." Midomo haifunguki. Tonge hukaa pale mpaka ndege waje.

Na ibra kwa mwenye kusikia ni hii: neno lile la karibu, siku ile kabla ya kufunga mlango, Mwidani angeweza kulitoa bure.