Nyumba Iliyoitikia Salamu

Shauri la Ufunguo wa Chumba cha Uani, Pamoja na Kitasa Chake. Ndivyo lilivyoandikishwa mahakamani, na sababu yake itakuja.

Inasimuliwa kwamba hapo kale, katika mji mmoja wa bonde la Hadhramaut, mjane mcha Mungu aitwaye Bibi Rumaysa alikwenda kwa kadhi, akitaka nyumba yake iwe wakfu kwa wapita njia.

Kadhi Mundhir, Mola amrehemu, hakuwa mtu wa pupa. "Wakfu ni jambo tukufu, bibi, lakini si kila mwenye nyumba unamfaa. Ukishautoa, haurudi. Huuzi, hurithishi, na kujuta hakukusaidii. Una mtoto?"

"Sina," akasema Bibi Rumaysa.

Alikuwa naye. Sawda, bintiye wa pekee, aliolewa na fundi wa ngozi, na mama, aliyeona harufu ile haiendani na ukoo wake, akamfungia mlango. Miaka ikapita bila kuonana.

Adhuhuri ile alirudi nyumbani. Kama ilivyo adabu ya kuingia nyumba isiyo na mtu, akasema kizingitini: "Amani iwe juu yetu, na juu ya waja wema wa Mwenyezi Mungu."

Kutoka chumba cha uani, ambacho ufunguo wake ulikuwa kiunoni mwake mwenyewe, sauti ikaitikia:

"Na juu yako iwe amani, mama."

Akafungua. Mkeka, vumbi, na juu ya vumbi hapana unyayo. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa.

Akarudi mahakamani. Karani akachovya kalamu.

"Unamshtaki nani?"

"Sauti."

"Sauti binti nani?"

Bibi Rumaysa akamwonyesha ufunguo wa chumba cha uani. Karani alifikiri sana. Sauti haina makazi wala haipelekewi wito. Akaandika ufunguo, ambao angalau unashikika.

Kadhi akaja mwenyewe adhuhuri, karani nyuma yake. Akatoa salamu mlangoni. Kimya.

"Sasa toa wewe, bibi."

Akatoa.

"Na juu yako iwe amani, mama."

Karani akaangusha kidau cha wino. Kadhi alisoma kila aya iliyomjia, kisha akauliza taratibu: "Uliniambia huna mtoto. Huyu anayekuita mama ni nani?"

Angesema ni shetani, mji mzima ungemwamini, na wakfu ungepita. Bibi Rumaysa akakaa chini, palepale kizingitini.

"Ni Sawda wangu, sheikh. Nilisema uongo. Sikuwa nampa Mungu nyumba, nilikuwa namnyima mwanangu. Na sasa naona amekufa, ndiyo maana ananijia."

"Nenda ukaangalie. Wakfu utasubiri, hauna miguu."

Kesho yake akaenda hadi mtaa wa mafundi wa ngozi, nje ya ukuta wa mji, bila kuziba pua. Mlango ulikuwa wazi. Sawda alikuwa ameupa mgongo, mikono ndani ya unga. Mama akasimama, hata salamu haikutoka. Ndipo ikaadhiniwa adhuhuri, na Sawda, bila kugeuka, akauambia ukuta:

"Na juu yako iwe amani, mama."

Mumewe, aliyekuwa akikwangua ngozi pembeni, akamwona mgeni. "Usishtuke, bibi," akasema. "Huitikia hivyo kila siku saa hii. Anasema ndiyo saa anayorudi mama yake kutoka sokoni. Mimi nimeshazoea."

Sawda akageuka.

Nyumba ikaachwa iwe mirathi. Chumba cha uani peke yake kikawa wakfu, kwa ombi la Sawda mwenyewe. "Wape wapita njia," alimwambia mama yake. "Mimi nikija nitalala kwako."

Ndugu zangu, kabla ya kuuliza kama wakfu unakufaa, jiulize ni nani unayemfungia mlango kwa jina la Mungu.

Mahakama iliandika kwamba ufunguo umekabidhiwa na shauri limefungwa. Kilichotokea ni kwamba mama alikwenda kwa mwanawe, wakala mkate pamoja.