Tangazo Alilolisoma Mzee Anyandwile

Hapo zamani, si zamani ile ya fisi na sungura bali zamani ya juzi tu, palikuwa na mji mdogo uitwao Kaseluka, juu kwenye vilima vya chai, mahali ambapo ukungu hukaa mpaka saa nne asubuhi. Mji ule ulikuwa na maktaba. Watu wake hawakujengewa na mtu. Matofali waliyafyatua wenyewe, bati walilipandisha wenyewe, na rafu alizitengeneza Mzee Anyandwile, mpasua mbao, kwa mti aliouangusha kwa msumeno wake, wala hakutaka malipo.

Maktaba ile ilikuwa na kazi. Migomba ilipoanza kunyauka, wakulima walikwea kilimani iliko maktaba wakasoma habari za ugonjwa ule, wakang'oa iliyougua kabla haijaambukiza mingine. Mkunga alikuja kuangalia michoro ya uzazi vitabuni. Wasichana waliofeli mtihani walikaa mle mwaka mzima, wakaurudia, wakafaulu. Lakini watu wa Kaseluka walikuwa na tabia moja: mmoja anaazima kitabu, nyumba nzima inakisoma, na majirani pia. Kwa hiyo ukifungua daftari la kuazimia unaona majina machache, unadhani mji umelala.

Mkutubi aliitwa Sekela. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye adabu mno, wa kuzunguka mbali ili asimguse mtu pabaya. Na msomaji wake wa kila siku alikuwa Mzee Anyandwile. Tangu aache kazi ya msumeno, mzee alifika kila asubuhi na koti lake la kijivu, akaketi dirishani, akapewa gazeti. Alilifungua taratibu. Alikunja uso penye mambo mazito, akatabasamu penye mambo mepesi. Siku ya Alhamisi, siku ya soko, alisimama penye mizani ya ndizi akawaeleza watu yaliyoandikwa, na soko zima lilinyamaza kumsikiliza. Watu wakasema, "Yule ndiye msomi wetu."

Siku moja Sekela alikosea. Alitoa gazeti stoo bila kuliangalia, akampa. Saa mbili baadaye akapita karibu na meza ya mzee.

"Leo wameandika nini, baba?"

"Mambo ni mengi, mwanangu. Waziri amefungua daraja, na mvua za mwaka huu zitachelewa."

Sekela akatupa jicho kwenye gazeti. Lilikuwa la Kiingereza, tena la mwaka wa juzi. Daraja na mvua ni habari alizozisikia Sekela mwenyewe kwenye redio alfajiri ile, akichemsha chai.

Akasema, "Ahaa." Akarudi mezani kwake, uso unamwaka. Aliona aibu yeye, kana kwamba amesukuma mlango wa bafu akamkuta mtu mzima ndani.

Kabatini mwake mlikuwa na vitabu vya kwanza vya kusoma, vile vya herufi kubwa. Wiki iliyofuata alichukua kimoja, akaenda nacho mpaka hatua mbili kutoka dirishani. Mzee akainua macho. Sekela akapangusa vumbi la rafu kwa kile kitabu, akarudi. Akajiambia hiyo ni heshima. Ikapita miaka mitatu.

Siku moja, Jumatano, ikaja barua kutoka halmashauri. Wakaguzi wangefika Jumanne inayofuata. Wakikuta wasomaji arobaini, kila mmoja na kadi yake mkononi, maktaba itabaki na itaongezewa chumba cha watoto. Wasipowakuta, vitabu vitahamishiwa mji mwingine unaovihitaji.

Arobaini si wengi. Kaseluka ilikuwa na wenye kadi zaidi ya mia. Ila walikuwa wachuma chai, na Jumanne ni siku ya kuchuma. Lazima waambiwe mapema wabaki. Sekela akaandika tangazo, akaligonga mhuri, nakala moja akaibandika ubaoni mlangoni. Hapo hapo akaletewa habari kwamba shangazi yake, aliyemlea, amefariki. Ilibidi aondoke mchana ule ule.

Nani atawaambia watu? Soko ni kesho, na sokoni husikilizwa mtu mmoja.

Akaenda dirishani. "Baba, nimepata msiba. Shangazi yangu."

"Pole sana, mwanangu. Pole sana."

"Naomba kesho uwasomee watu karatasi hii. Ni jambo kubwa."

Akafungua kinywa ili aseme: Wakaguzi wanakuja Jumanne, njooni. Maneno manne tu. Lakini akiyasema, karatasi ni ya nini? Mzee angejua kwamba anajua. Sekela akafumba kinywa. Akajiambia, atamtafuta mtu amsomee kimyakimya. Mzee akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa koti. "Nitawasomea. Nenda ukazike, usiwe na wasiwasi."

Jumanne Sekela alirudi, akafungua mlango saa mbili. Wakaguzi wawili wakaja na lori. Wakakaa, wakangoja. Ikafika saa nne, hakuja mtu. Ikafika saa sita, hakuja mtu. Sekela akateremka mbio mpaka sokoni, akakuta meza tupu. Mji wote uko kwenye chai. Akarudi na bibi wawili wasio na kadi. Saa nane, hakuja mtu. Hata Mzee Anyandwile, ambaye hakuwahi kukosa siku, hakuja.

Saa kumi mkaguzi mkubwa akafunga kalamu yake. "Dada, hawa watu wako hawavitaki hivi vitabu."

Sekela akawapisha mlangoni. Alisimama pembeni vitabu vikibebwa kwa mafungu, vimefungwa kamba kama kuni. Lori likashuka kilima.

Ndipo Tusekile, mchuma chai, akapita na kikapu mgongoni. "Dada Sekela, pole na msiba. Mbona umefungua leo? Si mmefunga mpaka kesho?"

"Nani kasema tumefunga?"

"Si Mzee Anyandwile? Alitusomea karatasi yako sokoni. Kwamba maktaba imefungwa kwa ajili ya msiba, watu wasije mpaka Jumatano."

Sekela akaketi pale pale kwenye ngazi. Hakumkasirikia mzee hata kidogo. Alitamani angemkasirikia.

Habari zikaenea, watu wakachachamaa, mwenyekiti wa mji akaandika kwa halmashauri. Jibu likaja: Kaseluka imtume mtu mmoja mbele ya madiwani wote, aseme ukweli kwa nini watu hawakufika, aombe radhi kwa jina la mji. Wakiridhika, vitabu vitarudi. Mtu huyo atasimama peke yake, na kipaza sauti, na redio ya wilaya ikirusha kila neno.

Jumamosi mji ukakutana ndani ya maktaba tupu. Mwenyekiti akauliza, "Kosa ni la nani? Mwenye kosa ndiye atakayekwenda."

Mzee Anyandwile akasimama. Hakuvaa koti. "Kosa ni langu. Ndugu zangu, mimi sijui kusoma. Sijui hata jina langu. Yote niliyowaambia sokoni miaka hii ni ya redio. Karatasi ile niliitazama nikaona mhuri, na mwenye maktaba amefiwa. Nikadhani inasema wamefunga wiki moja kwa msiba. Ningeweza kusema sijui. Sikusema. Nitakwenda mimi."

Watu wakainamisha vichwa. Wengine walitazama mlango, wakitamani kutoka.

Mwalimu Lugano, aliyewahi kufundisha kisomo cha ngumbaro, akasimama. "Mzee akae. Kosa ni langu. Miaka kumi iliyopita alikuja darasani kwangu siku moja tu. Nilimwita ubaoni aandike herufi, akashindwa, nikamtania. Darasa likacheka. Na mle darasani alikuwemo mke wa mwanawe."

Watu wakaguna. Kwao baba mkwe na mke wa mwana hawatazamani hata usoni njiani. Kuchekwa mbele yake ni zaidi ya kuvuliwa nguo.

"Sikwenda kumwomba radhi, na baadaye tulipomwona na gazeti tulidhani amejifunza kwingine," mwalimu akaendelea. "Na Jumatano ile jioni nilimwona getini kwangu na karatasi mkononi. Nikadhani amekuja kunidai neno lile la miaka kumi. Nikamwambia mke wangu aseme sipo. Nilisimama nyuma ya pazia nikamwona akiikunja karatasi, akiondoka. Asiyejua kusoma alitafuta wa kumsomea. Anayejua alijificha. Nitakwenda mimi."

Sekela alikuwa mwisho kabisa, karibu na ukuta. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Mjini alionekana mfiwa, mtu wa kuhurumiwa. Akasimama.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?" mwenyekiti akauliza.

"Nilijua kwamba baba hajui kusoma. Nilimpa karatasi nikijua. Ningemwambia kwa mdomo, leo tusingekuwa hapa. Vitabu vya kumfundishia vilikuwa kabatini kwangu, na kazi yangu ndiyo hiyo. Nitakwenda mimi."

Mzee Anyandwile akageuka taratibu. Alipokiri mwenyewe hakulia. Sasa midomo yake ilikuwa inacheza. "Tangu lini, mwanangu?"

"Miaka mitatu, baba."

"Miaka mitatu unanipa gazeti kila asubuhi. Unaniuliza wameandika nini."

"Nilikuwa nakuheshimu, baba."

"Hapana," mzee akasema kwa upole. "Ulikuwa unanitazama."

Sekela akajifunika uso kwa kitenge.

Basi mji ukagawanyika. Kuna waliosema: aende mzee, maana ni ulimi wake uliotangaza uongo, na aliyetangaza ndiye afute. Wenzao wakawajibu: mtamsimamishaje mzee wa watu kwenye redio, mkwewe akisikiliza, mumuue mara ya pili? Kuna waliosema: aende mwalimu, yeye ndiye aliyemfukuza mzee kwenye herufi, kisha akamfungia mlango. Wenzao wakajibu: mwalimu hakuijua karatasi ile ina nini, je, mtu ahukumiwe kwa karatasi asiyoisoma? Kuna waliosema: aende Sekela, yeye peke yake alijua yote mawili, yaliyoandikwa na asiyeweza kuyasoma. Wenzao wakajibu: yeye ndiye pekee aliyefanya kazi yake, akaandika, akabandika, akaomba msaada siku ya msiba wake; na nani kati yetu hajawahi kunyamaza kwa adabu?

Tusekile mchuma chai akasema kwa sauti ndogo, "Mimi ninasoma. Ijumaa nilipita hapa mlangoni, nikaona karatasi ubaoni. Sikusimama. Nilisema, si mzee ameshatusomea?" Watu kadhaa wakatazama chini, maana nao walipita.

Mwenyekiti akapiga meza. "Mmoja tu. Wamesema mmoja."

Wakabishana mpaka jua likaegemea magharibi. Mmoja akaenda, na vitabu vikarudi, hilo nawaambieni msije mkaondoka na simanzi. Lakini nilipouliza Kaseluka ni nani aliyekwenda, kila nyumba ilinitajia jina tofauti, na kila aliyenijibu hakunitazama machoni.

Sasa ninyi mnaonisikiliza, jiwekeni ndani ya chumba kile. Mzee aliyesema asilolijua, mwalimu aliyejificha nyuma ya pazia, na mkutubi aliyejua akanyamaza: je, nani alistahili kwenda kusimama peke yake mbele ya kipaza sauti?