Bi Pimbi Aliyetaka Uraia

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa na nani?

Tuambie wewe, sisi tumeshakaa.

Basi kaeni vizuri, na Mungu anisamehe chumvi nitakayozidisha.

Alikuwako Bi Pimbi. Kwao kulikauka, akabeba wanawe akahamia bonde la Kiboko. Bondeni kisima kilikuwa kimoja, na Kiboko ndiye mlinzi wake. Raia wakichota mitungi, mgeni alipewa kata moja tu. Wanawe Bi Pimbi wakawa wanalala na kiu.

Bi Pimbi akaenda, tipu tipu tipu.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Nataka uraia."

"Marahaba. Ukae kwanza mvua mbili. Na uniletee boga."

Akakaa mvua mbili, akapeleka boga. Kiboko akalitafuna, gwaru gwaru gwaru.

"Sasa ujue lugha yetu. Na uniletee boga."

Akajifunza lugha mpaka matusi yake, ila hakuyatumia, maana alimcha Mungu. Akapeleka boga. Gwaru gwaru gwaru.

"Sasa majirani waseme una tabia njema. Na boga."

Majirani wakasema. Gwaru gwaru gwaru.

Kiboko akajilamba. "Limebaki sharti dogo tu, mama. Uwe umezaliwa hapa."

Bi Pimbi hakubisha. Akaja asubuhi, wale majirani, ndege kanga, wote wakiwa kisimani.

"Mzee, shamba lako limemezwa na magugu. Mimi mgeni sina kazi. Tatizo sina jembe."

Kiboko akaona kibarua cha bure hicho. "Chukua langu. Lima mpaka kule mtoni."

Bi Pimbi akalima, kwa kwa kwa. Alipomaliza akaenda moja kwa moja kisimani, akachovya mtungi, gulu gulu gulu.

"We mgeni, weka mtungi chini."

"Mgeni gani, mzee? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Si umenipa mwenyewe?"

"Nilikupa ulime tu."

Kanga wakacheka, kekekeke. "Babu, umempa mbele yetu. Mwenye jembe hapa ni mwenyeji, ndiyo desturi. Au unaikana? Na hicho kisima ulipewa kwa desturi gani?"

Kiboko akageuka. Akatumbukia mtoni, chubwi.

Watoto wakanywa, wakanywa, wakamwagiana. Bi Pimbi akakaa chini, akamshukuru Mungu, akalia kidogo, akacheka.

Hadithi yangu imefika majini. Mwenye kiu anywe, aliyeshiba alale.

Funzo lake, wanangu: msimpe mgeni jembe kamwe. Mlisheni, mtandikieni, akae bure mpaka azeeke. Na asiyetaka majirani wapya, Mungu amzidishie magugu.