Mkeka wa Nyumba ya Kombo

Nikisema kisa, semeni kije.

Kisa?

Kije.

Kinatoka kwa nani?

Kwa waliotutangulia.

Kinakwenda kwa nani?

Kwa walio macho.

Basi wewe Tatu unayesinzia hapo ukutani, hiki si chako. Lala, mwanangu. Wengine sogeeni.

Hapo kale, kale ya kweli, si hii kale ya juzi mnayosimuliwa na baba zenu, enzi ambazo watu waliwaamkia ng'ombe wao kabla ya kuwakamua, palikuwa na mji ukiitwa Mkindani. Uliitwa hivyo kwa wingi wa mikindu, ile mitende mwitu ambayo majani yake ndiyo ukindu, na kazi ya wanawake wa mji ule ilikuwa kusuka mikeka. Wanawake, nimesema. Wanaume walikata ukindu, wakaubwaga uani, wakaenda zao.

Na palikuwa na mwiko: ukili mmoja, mkono mmoja. Ukili mnaujua? Ni ule utepe mrefu wa ukindu uliosukwa. Tepe hizo hushonwa ubavu kwa ubavu, mkeka ukazaliwa. Basi aliyeanza ukili ndiye aliyepaswa kuumaliza. Ukimpa mwenzio akuendelezee, walisema, mkeka utagombana na atakayeulalia. Msicheke. Na nyinyi mna miiko yenu ya kipumbavu, mimi naijua.

Katika mji ule aliishi Bi Mwanakheri na mumewe Kombo, mkwezi wa minazi. Walikuwa na watoto watatu: Mize, binti mkubwa, msusi hodari na mwenye kujijua kuwa ni hodari, Faki, mwana wa kati, mwenye nguvu nyingi na subira kidogo, na Riziki, kitinda mimba, mtoto wa miaka sita. Mimba ya Riziki ilipokuwa changa, Bi Mwanakheri alipatwa na mtoto wa jicho. Wingu jeupe likatanda jicho hili, kisha likatanda lile. Riziki akazaliwa mama yake haoni hata moto wa jikoni.

Siku moja Bi Mwanakheri akasema, "Mume wangu, nimezaa watatu, nimeona wawili."

Neno lile likamkaa Kombo. Kila aliyepita akamuuliza habari za dawa, mpaka akaambiwa, "Mganga wa macho amefika mji wa Kivumoni. Wingu kama hilo analiondoa. Ila ujira wake ni reale arobaini, na mwezi ujao ukiisha anaondoka."

Reale arobaini, wajukuu zangu. Kombo na minazi yake yote hakuwa nazo hata nne.

Basi nyumba nzima ikaingia kazini. Mize akasuka vipepeo vya kupepea moto, akasuka vikapu, akasuka makawa ya kufunikia chakula. Faki akavipeleka sokoni asubuhi, jioni akarudi navyo.

"Umeuza?" Mize akamuuliza.

"Kipepeo kimoja. Na aliyenunua ni mgeni. Dada, mji mzima unasuka. Nani anunue maji naye anaishi mtoni?"

Siku ya pili ikaja habari. Mwana Zubeya, bibi mtawala wa Kivumoni, anamuoza binti yake, na anataka mkeka wa ukumbi wa harusi. Mkeka mmoja wa kukalia watu arobaini, si miwili iliyolazwa pamoja. Na ulale sawasawa. Atasimama pembeni, aviringishe ndimu, na ndimu ifike pembe ya pili bila kukwama. Mwenye mkeka huo ataondoka na reale hamsini. Siku zilizobaki kabla ya harusi, thelathini.

Mize akasema, "Nitausuka mimi."

"Peke yako?" Faki akauliza. "Utaumaliza nawe umeota mvi."

Hapo Kombo akateremka mnazini. Akanawa mikono, akaketi chini karibu na binti yake, akanyoosha vidole vyake vilivyonenepa kama mihogo. "Nionyeshe pa kuanzia," akasema.

Mwanamume, kusuka ukili! Habari ilifika kisimani kabla ya maji kuchotwa. Bi Mafunda, jirani yao, akaja kuchungulia juu ya ua. "Kombo, leo unasuka ukili. Kesho si utasukwa nywele?"

"Ukinisuka vizuri, Bi Mafunda, nitakupa dafu," Kombo akajibu, na vidole haviachi kazi.

Nampenda mtu yule. Ningekuwa naishi zama zake, bibi yenu nisingeolewa na babu yenu.

Basi wakasuka. Kwa kuwa mwiko ni mwiko, kila mmoja alianza ukili wake, akakaa pembe yake. Mize ukumbini, Kombo barazani, Faki uani, Riziki mlangoni na kijiukili chake cha chane chache, vile vipande vyembamba vya ukindu. Siku kumi na mbili wakasuka hivyo. Kisha wakakusanya tepe zote, Mize akashona ubavu kwa ubavu, akatandika.

Mkeka ukatoa matumbo. Pale umefura, pale umekunjamana, pale umejivuta kama ngozi ya mbuzi iliyosahaulika juani. Kombo akachukua ndimu akaiviringisha. Ndimu ikaenda, ikakwama, ikageuka, ikarudi kwa Kombo mwenyewe.

Mize akalia kwa hasira. "Baba, wewe umelegeza. Na Faki amekaza kama anafunga mbuzi. Nimeharibiwa kazi yangu. Nitafumua zote nisuke peke yangu."

"Kwa siku kumi na nane?" Faki akamuuliza. Mize akazidi kulia.

Ndipo Bi Mwanakheri alipoinuka pale alipoketi. Akapapasa njia, akapiga magoti juu ya mkeka, akaanza kuupitisha viganja vyake polepole. "Hapa ni Kombo," akasema. "Hapa Faki. Hapa Mize, hapa Mize tena. Na huyu nani, mwenye mkono mwepesi?"

"Mimi, mama," akasema Riziki.

"Haya, sikilizeni. Kila mmoja amesuka vyema kwa mkono wake. Lakini mlegevu amekaa na ulegevu wake siku kumi na mbili, na mkali amekaa na ukali wake siku kumi na mbili. Leo mnawakutanisha kwenye uzi mmoja. Wataacheje kugombana? Kaeni duara. Kila mmoja asuke shibiri moja, kisha ampe aliye kuliani kwake."

"Mama," akasema Mize, "na mwiko je?"

"Mwiko uliwekwa na watu wenye macho yao, Mize. Mimi nataka yangu."

Basi, wajukuu zangu, wakakaa duara. Mama akaketi nao, akasuka kwa kupapasa, akiwaongoza kwa sauti:

Suka shibiri, vuta, mpe mwenzio.

Suka shibiri, vuta, mpe mwenzio.

Semeni nami. Suka shibiri, vuta, mpe mwenzio. Naam.

Kombo alipolegeza, Faki alifuata akakaza. Faki alipokaza mno, Riziki alifuata kwa mkono wake mwepesi. Na Mize, ambaye hajapata kupokea kazi ya mtu maishani mwake, alikunja uso siku ya kwanza, siku ya pili akakunjua, siku ya tatu akaanza kuimba. Ule mkeka wa matumbo hawakuutupa, waliukata wakashona vikapu vya kubebea ukindu. Bi Mafunda akaja tena uani, akasikiliza, akaondoka bila neno. Kwake yeye hiyo ilikuwa ajabu kubwa kuliko mkeka.

Siku ya thelathini wote watano walifika Kivumoni, mama ameshikwa mkono, na mkeka ukatandikwa ukumbini. Mwana Zubeya akasimama pembeni, akaviringisha ndimu. Ndimu ikaenda, ikaenda, ikaenda, ikagonga ukuta wa mbele. Akavua viatu, akaupita wote kwa nyayo zake, akarudi.

"Nimekanyaga mikeka mingi," akasema, "na kila mkeka nikamjua msusi wake. Wa huu simjui. Ni mkono wa nani? Nataka akae hapa kwangu, awe msusi wangu."

Sifa ile Mize aliitamani tangu utotoni, na hapo neno lake moja tu lingeinyakua. Akasema, "Bi mkubwa, mkono huo ukiutenganisha hauwezi kitu. Ni wetu sisi sote. Tupe chetu, mama yetu anangojwa na mganga."

Wakapewa. Wakaenda mbio kwa mganga, wakamkuta anafunga mizigo yake. Akaifungua tena. Akamlaza Bi Mwanakheri, akafanya ya kwake, akamfunga macho kwa kitambaa siku saba. Siku ya saba Kombo na wanawe wakasimama mstari mmoja mbele ya kitanda, wamevaa walivyokuwa navyo. Kitambaa kikafunguliwa.

Bi Mwanakheri akapepesa macho. Akamtazama Kombo, akamtazama Mize, akamtazama Faki. Kisha macho yake yakashuka mpaka kwa Riziki, yakasimama hapo.

"Riziki," akasema mama, "makamasi hayo yote ni ya nani? Njoo nikupanguse."

Kombo akaanguka chini akilia kama mtoto, na hakuona haya.

Basi nyinyi mnaogombania ufagio kila asubuhi, mmenisikia. Kazi ikiwa kubwa nyumbani, msigawane pembe. Kaeni duara, mpokezane, mlegevu karibu na mkali, mdogo karibu na mkubwa.

Mimi nimesuka shibiri yangu, nimevuta, nimewapa. Atakayeiona fupi na airefushe, atakayeiona mbovu anirudishie mimi mzee niifumue. Inukeni sasa. Na mmoja wenu amwamshe Tatu.